Miaka 24 na kisukari, tumbo limegoma: kanula ya pampu naiweka wapi sasa?

BintiPangani

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Naandika huku nimechoka kwa hiyo nikizunguka nisameheni.

Kisukari aina ya kwanza nilikipata 2001 nikiwa darasa la tatu. Nimeanza na mabomba ya sindano, mapaja yote mawili yakaisha, zikaja peni za insulini, na nilipohamia huku Uingereza nikapewa pampu, yaani kimashine kinachonitiririshia insulini kwa mrija mchana na usiku, huu ni mwaka wa nane. Mwaka jana wakanibadilishia ile inayoongea na sensa, kile kifaa cha mwilini kinachopima sukari, inajiongeza na kujipunguza yenyewe, maana tangu ule mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya matibabu huku, wa mwisho wa 2023 watu wengi wa aina ya kwanza wanapewa. Nikasema haya, sasa nitapumzika.

Wapi. Shida ni kwamba sina tena pa kuchomeka. Miaka yote hii kanula, yaani kile kijimrija kinachoingia chini ya ngozi, naiweka tumboni, kulia kwa kitovu, kushoto kwa kitovu, kulia, kushoto, mi nilidhani huko ndo kubadilisha. Zamani ilikaa siku tatu bila kelele. Siku hizi siku ya kwanza nzuri, siku ya pili asubuhi naamka na sukari 15 (mmol/L), saa nne 17, sijala kitu cha ajabu, pampu inaongeza, inaongeza, haishuki, halafu mchana ghafla zile insulini zote ni kama zimekumbuka kazi yao, naporomoka mpaka 3. Nikiitoa mara nyingine naikuta kanula imepinda kama ndoano. Nimeangalia rekodi zangu, zamani nilikuwa natumia kama yuniti 38 kwa siku, sasa 52, na uzito uleule.

Nesi wa kliniki alinilaza akanipapasa tumbo akasema kuna vinundu, yaani mafuta yamejikusanya chini ya ngozi, kila upande kimoja, kama nusu ya ndimu hivi. Akasema nisiguse kabisa hapo kwa miezi. Sawa, lakini niende wapi? Paja nilijaribu, mi ni mwembamba, nikagusa msuli, damu ikajaa kwenye mrija na suruali ikavuta. Mkono sifiki vizuri peke yangu. Wanasema makalio, jamani, mtu unakaa, unaswali, unalala, inakuwaje?

Na niseme ukweli ambao nesi sikumwambia: pale kwenye kinundu HAPAUMI. Ndo maana narudi palepale. Sehemu mpya inauma, nachungulia, naogopa, narudi kwa mwenyeji wangu.

Nyie wa miaka mingi mnafanyaje? Na hivi vinundu vinaisha au ndo vya kudumu?

---

BabaWanne_MN

Dada pole. Mimi niko Minnesota, sukari nina miaka 31, pampu 19. Hayo uliyoandika ningeweza kuyaandika mimi 2014 neno kwa neno, isipokuwa mimi nililaumu insulini, nikabadilisha chupa, nikabadilisha duka la dawa, nikagombana na mke kuhusu wali, kumbe ni tumbo.

Hiyo kulia kushoto uliyokuwa unafanya ni sehemu mbili tu, dada. Sehemu mbili kwa miaka nane.

Mimi nafanya hivi. Mwezi wa kwanza, wa tatu, wa tano na kuendelea hivyo natumia upande wa kulia wa mwili tu. Mwezi wa pili, wa nne, wa sita upande wa kushoto tu. Kwa hiyo kila upande unapata mwezi mzima wa kupumzika bila mimi kukumbuka chochote zaidi ya tarehe. Ndani ya mwezi nazunguka: ubavuni juu kidogo ya mfupa wa nyonga, halafu kalio sehemu ya juu kabisa, karibu na mkanda, halafu tumbo lakini pembeni huko, mbali na kitovu vidole vitatu au zaidi. Mke ananisaidia nyuma ya mkono akiwa na moyo mzuri, akiwa hana naruka. Na kila nikirudi kwenye eneo nahakikisha nimeachana na tundu la mwisho angalau vidole viwili.

Kalio usiogope. Watu wakisikia kalio wanafikiria pale unapokalia. Siyo pale! Ni juu, pale mtu anapochomwa sindano ya hospitali, ukikaa kwenye kiti haiguswi.

Kuhusu kupinda: wewe mwembamba, kanula laini ya kuingia wima ikigonga msuli inajikunja. Omba wakuonyeshe zile za kuingia kwa kulala, mimi nilipewa ya milimita 13, inaingia kwa mshazari chini ya ngozi. Au sindano ya chuma, fupi, milimita 6, hiyo haipindi hata ufanyeje, ila lazima uitoe kila baada ya siku mbili. Mimi niko kwenye chuma sasa mwaka wa sita. Ya kwanza nilidhani nitaihisi kila nikiinama, nikaisahau kwa siku moja.

Jingine, nikibadilisha siitoi ile ya zamani hapohapo, naiacha saa mbili tatu, maana kama mpya imekataa narudisha mrija kwenye ya zamani.

---

NesiMstaafu_Moro

Marahaba BintiPangani. Mimi nimestaafu, kliniki ya kisukari nimekaa miaka mingi, ila kwetu zilikuwa bomba na peni, pampu nimeikuta kwa mtoto wa ndugu yangu anayeishi nje. Ngozi hata hivyo ni ileile.

Kwanza uelewe kwa nini kinatokea, utaacha kujilaumu. Insulini yenyewe ndiyo inayokuza mafuta. Ukiimwaga sehemu moja kila siku, zile seli za mafuta zinanenepa, na kila tundu linaacha kovu dogo ndani. Mishipa midogo ya damu hapo inakuwa michache na mishipa ya kuhisi maumivu vilevile, ndiyo maana hapaumi. Sasa insulini ikiingia pale haina njia ya kutoka, inakaa kama maji kwenye godoro, siku ikitoka inatoka yote. Hizo 17 zako na hizo 3 zako ni kitu kimoja.

Usisubiri kliniki kujipapasa. Ukiwa bafuni na sabuni mkononi, simama, pitisha vidole taratibu kutoka pembeni kuja katikati. Nyama nzuri unaweza kuifinya ikashikana kama kawaida. Kinundu hakifinyiki, kinateleza kama mpira au kigumu kidogo. Vingine havionekani kwa macho hata kidogo, vidole ndivyo vinavyovijua. Kisha chukua kalamu ya wino, chora duara kukizunguka, piga picha kwa simu. Baada ya miezi mitatu papasa tena.

Vinaisha? Vingi vinapungua ukiviacha kabisa. Wengine miezi michache, wengine zaidi ya mwaka, na vile vya siku nyingi sana hubaki kidogo. Lakini KABISA maana yake kabisa, si Jumapili tu.

Halafu hili ndilo linaloumiza watu, hebu lisome mara mbili. Siku utakapohamia nyama nzima, insulini ileile itafanya kazi kwa nguvu kuliko ulivyozoea. Wewe umepanda mpaka 52 kwa sababu sehemu yake ilikuwa inapotelea kwenye kinundu. Ukipeleka 52 kwenye ubavu ambao haujawahi kuchomwa utaanguka. Ongea na timu yako KABLA, wakwambie wapunguze wapi na kiasi gani, na hiyo mashine inayojifunza iambiwe pia, maana imejifunza mwili wa zamani. Siku za kwanza weka alamu ya sensa ya chini ipige mapema, na juisi iwe kitandani.

Na BabaWanne, samahani baba, hilo la kuacha kanula ya zamani mimi silipendi, tundu la siku tatu ni mlango wa wadudu. Saa mbili sawa, lakini nimeona mtu kaisahau mpaka kesho yake.

---

BabaWanne_MN

Nesi nimekubali nusu 😄 nitaweka alamu ya simu.

---

Mswahili_Kisauni

Hii pampu sisi huku Mombasa tunaiona kwa simu tu, mie nadunga peni mara nne kwa siku miaka 15 na hata hizo sindano za peni natumia moja siku mbili tatu maanake si rahisi. Lakini nimesoma maneno ya nesi nikaenda bafuni na sabuni, wallahi nimepata viwili 😳 kimoja kila upande wa kitovu, nilikuwa nadhani ni kitambi. Na kumbe ndio maana futari zinanisumbua, nadunga kiasi kilekile, leo 9, kesho 16, daktari ananiuliza umekula nini mie naapa.

Nesi nakuuliza, kwa peni pia nizunguke hivyohivyo? Na kurudia sindano ndio kunaleta hivi vitu?

Dada Pangani, mie naongeza la jasho, sijui huko baridi, lakini bintiamu wangu yuko Muscat ana pampu, anasema kule joto plasta inang'oka saa sita mchana kama si yake. Yeye akioga hapaki mafuta pale kabisa. Sisi tuna tabia ya kutoka bafuni tukajipaka mwili mzima halafu tunashangaa plasta haishiki.

---

NesiMstaafu_Moro

Ndiyo mwanangu Kisauni, kwa peni ni hivyohivyo, na wewe una nafuu kwani unachagua mahali mara nne kwa siku. Gawanya tumbo vipande vinne, kila wiki kipande kimoja, na ndani ya kipande sogea kidole kila ukidunga. Kurudia sindano kunachangia, ncha inabutuka na kuchana, ingawa najua hali, sitakusomea risala. Ukiweza kutumia mpya kwa ile dozi ya usiku tu ni bora kuliko hakuna. Na ukiondoka kwenye hivyo viwili, dozi uizungumze na daktari kwanza, nawe ni walewale, utashuka.

---

MamaPacha_Toronto

Naingilia kwenye ngozi kwa juu maana hapo ndo mimi nilipolia. Mwanangu ana pampu toka ana miaka minne. Tunaishi mji ambao insulini ilitengenezwa humohumo, 1921, mpaka leo gundi bado inatushinda.

Vitini vyote vya hospitali vinasema angalia wekundu. Mtoto wangu ni mweusi kama mimi, wekundu gani nitauona? Tulikaa siku mbili tukisema pako sawa, kumbe ndani usaha. Sasa mimi siangalii rangi, nagusa kwa nyuma ya mkono: pakiwa pa moto kuliko pembeni, pakiwa pagumu, akiruka nikigusa, kanula inatoka hapohapo tunahamia kwingine, na kama panazidi kuvimba ni kwa daktari. Dada angalia hivyo.

Baada ya hapo yanabaki madoa meusi, hayo hayana madhara ila yanakaa muda. Ukibandua plasta kwa kuvuta kavukavu ndo yanazidi. Mimi nalowesha pembeni na mafuta ya nazi, nasubiri dakika chache, inajivua yenyewe. Ila paoshwe kwa sabuni vizuri kabla ya kuweka kitu kipya, na mpya iende mbali na hapo.

Kama ngozi inawasha umbo kamili la plasta, yaani mraba au duara limejichora, hiyo ni gundi inakukataa, si uchafu. Kuna zile plasta nene za vidonda zinazofanana na ngozi, tunabandika kwanza ile, kanula inapita juu yake. Nyingine tunapaka kile kimiminika cha kuzuia gundi isiguse ngozi, tunaacha kikauke. Spiriti pia iache ikauke, usipulize kwa mdomo!! Mimi nilikuwa napuliza.

Na jamani msibadilishe usiku mkienda kulala. Sisi tunabadilisha asubuhi kabla ya chai, saa mbili baadaye tunaangalia sukari, kama kanula imekataa tunajua mapema mchana tukiwa macho.

---

BintiPangani

Wapendwa nimerudi, wiki tatu zimepita, nilisema nijaribu kwanza ndo niongee.

Niliwapigia kliniki kama nesi alivyosema. Wakapunguza, wakaisafisha mashine ianze kujifunza upya. Nikaweka ubavuni, kulia. Inauma? Inauma. Kama kung'atwa na siafu, sekunde tano, basi. Na pamoja na kupunguza kote huko, usiku wa kwanza saa nane nikaamshwa na alamu, 3.1, nimelowa jasho, nikala tende tatu na juisi gizani nimekaa sakafuni jikoni. Usiku wa pili 3.6. Nikapiga tena, wakapunguza tena. Sasa niko yuniti 41 kwa siku. Yaani yuniti kumi na moja kila siku nilikuwa nazimwaga kwenye kinundu.

Siku ya tatu ya ileile kanula niliamka na 7.8. Siku ya TATU. Nilimpigia mama nyumbani kumwambia, akauliza sasa hiyo si ndo ya kawaida? Nikamwambia mama acha tu.

Kalio nimejaribu. Kuswali hakuna shida kabisa, iko juu, ukikaa tahiyatu haiguswi. Ila wiki iliyopita nikiwa chooni kazini nimepandisha nguo haraka, nikang'oa kila kitu, na SIKUJUA. Pampu haikupiga alamu hata moja, inatiririsha tu insulini kwenye nguo. Nikawa naona sensa inapanda, nikasema ni ule mchele wa mchana, nikaongeza dozi, ikaenda kwenye nguo pia. Mpaka 19 ndo nikajipapasa nyuma. Ketoni, ile asidi inayojaa kwenye damu insulini ikikosekana, 1.4. Bahati nina peni kwenye mkoba, nikajidunga, nikabadilisha seti, yaani kanula na mrija wake, nikanywa maji kama ngamia. Ilichukua jioni nzima kushuka.

---

NesiMstaafu_Moro

Alhamdulillah kwa peni. Wengine mnaosoma, hapo ndipo pampu inapotofautiana na sisi wa sindano. Mtu wa peni ana ile insulini ya muda mrefu mwilini, akikosa dozi moja bado ana akiba. Pampu ina ya haraka peke yake, ikikatika hamna kitu nyuma yake, saa chache ketoni zimeanza. Alamu inalia mrija ukiziba, tena si mara zote mapema, lakini ukichomoka au ukivuja haijui. Kwa hiyo sukari ikipita 14 na hujui sababu, pima ketoni, dozi ya kushusha ipite kwa peni au bomba, SI kwa pampu, kisha badilisha kanula. Baadaye ndiyo uchunguze mchele. Ukianza kutapika usikae nyumbani.

---

BabaWanne_MN

Hiyo 14 kwetu huku inaandikwa 250, wa Marekani msichanganyikiwe.

Dada, kwa chooni: mrija tengeneza kitanzi kimoja, ubandike na kipande cha plasta pembeni ya kanula. Ukivutwa kinavutika kitanzi kwanza. Na pia ukijaza insulini usiitoe kwenye friji na kuijaza hapohapo, iache ubaridi uishe, la sivyo vipovu vitajaa kwenye mrija na utaona 16 nyingine ya bure.

---

Mswahili_Kisauni

Mie nimeonana na daktari wangu, kanipunguzia, niko kipande cha chini kushoto wiki hii. Jana futari 8.4. Sijamwambia mtu yeyote nyumbani wasije wakaniongezea mahamri.

---

BintiPangani

😂😂 Kisauni kula moja tu.

BabaWanne kitanzi nimekiweka leo. Sindano ya chuma wameniagizia boksi moja ya kujaribu, itafika Alhamisi, nikiona vipi nitawaambia. Mkono bado, sina wa kunisaidia huku. Kwa sasa niko kushoto mpaka mwezi uishe, nimeandika kwenye kalenda ya jikoni K ya kushoto na L ya kulia, jirani kaniuliza ndo nini nikamwambia ni zamu za taka.